Ufa Ndani ya Chuma, na Jinsi Umeme Ulivyofundishwa Kuupima

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa kwa ajili ya vikundi vya Mvumi, Kilosa na Mikumi, ili wanafunzi walifuate kwa macho wanaposikiliza.

Ninyi mlio darasani, fungueni ukurasa huu na kushika kalamu, kwa maana leo tutakuwa na hesabu kidogo. Na ninyi mnaosikiliza nyumbani, sogezeni viti karibu.

Mama anapokwenda mnadani kununua chungu, hatosheki kukitazama. Hukiinua, hukigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Kikilia vizuri, basi ni kizima. Kikitoa sauti ya kukwaruza kama ya mtu mwenye mafua, hukirudisha chini bila kuuliza bei, hata kama kinang'aa namna gani. Mama huyu amekwisha kujua jambo ambalo mainjinia wa Ulaya walilipata kwa kumwaga damu nyingi: kwamba ufa unaweza kuwamo ndani ya kitu kizuri, na jicho lisiuone.

Twajua sote methali ya ufa na ukuta. Lakini ukuta wa udongo ni rafiki mwaminifu, maana huonyesha ufa wake mapema, nawe wapata nafasi ya kukanda udongo na kuuziba. Chuma si hivyo. Chuma huficha. Hubeba mzigo leo, hubeba kesho, na siku ya tatu hukatika ghafula kama muhogo.

Kwa watu wa Kilosa, chuma ni jambo la karibu. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita Kilosa na kupanda kwa bonde la mto Mkondoa, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Baadaye likaongezwa tawi kutoka Kilosa kwenda Mikumi, na katika miaka ya 1960 likafikishwa Kidatu, kwenye mashamba ya miwa. Hata leo maisha ya wengi hapa yamefungwa na pau mbili za chuma zilizolala juu ya mataruma.

Adui wa reli hii anayejulikana na kila mtu ni maji. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010, Mkondoa ulifurika, ukaingia Kilosa mjini na kuivunja njia ya reli kati ya Kilosa na Gulwe, hata treni zikasimama kwa miezi. Adui huyo huja kwa kelele, na mwenye macho humwona. Somo letu la leo lahusu adui wa pili, ambaye hana kelele.

Basi twende Ufaransa, mwaka 1842. Tarehe 8 Mei treni iliyojaa watu ilikuwa ikirudi Paris kutoka Versailles, walikokwenda kwa sikukuu. Karibu na Meudon ekseli ya kichwa cha treni cha mbele ilikatika. Ekseli ni ule mhimili wa chuma unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Kichwa kikaanguka, mabehewa yakapandana, moto wa makaa ukayashika. Milango ya mabehewa ilikuwa imefungwa kwa funguo kutoka nje, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile. Wakafa watu zaidi ya 50.

Wataalamu walipoitazama ekseli ile, na nyingine kama hiyo, walistaajabu. Haikuwa imebeba mzigo kuliko uwezo wake. Ilikuwa imebeba mzigo uleule wa kila siku. Kwa nini basi ikatike siku ile, isikatike mwaka uliopita?

Jibu unaweza kulipata hapo darasani. Chukua kipande cha waya mwembamba, ukunje, ukunjue, ukunje tena. Mara ya kwanza hakuna neno. Mara ya tano hakuna neno. Endelea, na waya utakatika mikononi mwako, ingawa hukutumia nguvu kuliko ile ya mara ya kwanza. Hali hii huitwa uchovu wa chuma. Jina hili halinipendezi sana, kwa sababu mtu aliyechoka akilala huamka na nguvu mpya, na chuma hata kikipumzika miaka kumi hakiponi. Lakini ndilo jina lililozoeleka.

Mtu aliyelifuatia jambo hili kwa subira ni injinia wa reli wa Prussia, August Wöhler. Tangu miaka ya 1850 alitengeneza mashine za kuzungusha ekseli zikiwa na mzigo, mara elfu, mara laki, mara milioni, huku akihesabu mpaka zikatike. Kufika mwaka 1870 alikuwa ametangaza matokeo yake: kinachoua chuma ni kurudiwarudiwa kwa mzigo, hata mzigo mdogo. Mwaka 1903 wataalamu wawili wa Uingereza, Ewing na Humfrey, waliuona kwa darubini mwanzo wa ugonjwa: michirizi midogo mno juu ya chembe za chuma, ambayo hugeuka kuwa nyufa.

Hapo ndipo hesabu ya Wöhler ilipokuwa na pengo. Alijua chuma kilianza kuzungushwa lini na kilikatika lini. Katikati, hapo ufa ulipokuwa ukitambaa kidogo kidogo, hakuona kitu. Ni kama kujua siku mtoto alipozaliwa na siku mzee alipokufa, usijue habari yoyote ya maisha yake.

Reli zenyewe zilikuwa zikilindwa kwa masikio na macho. Katika njia nyingi za dunia palikuwa na mtu mwenye nyundo ya mpini mrefu, aliyepita kando ya treni iliyosimama akigonga kila gurudumu na kusikiliza, sawasawa na yule mama wa chungu. Njiani palikuwa na mlinzi wa reli, aliyetembea kutwa akitazama pau na misumari. Kazi hizi hazikuwa za mchezo. Lakini tarehe 25 Agosti 1911, karibu na Manchester katika jimbo la New York, Marekani, reli ilivunjika chini ya treni ya abiria, mabehewa yakaanguka kutoka darajani, wakafa watu 29. Reli ilipochunguzwa ilikutwa na ufa uliozaliwa ndani ya kichwa cha chuma, ukakua ndani kwa ndani. Juu palikuwa safi, pakimeta kwa kupitwa na magurudumu. Mlinzi mwenye macho makali kuliko wote asingeuona.

Ikawa lazima kutafuta kitu kinachoweza kupita ndani ya chuma na kuleta habari. Kitu hicho ni umeme.

Mwaka 1827 Mjerumani Georg Ohm alikuwa ameeleza kanuni moja iliyo rahisi. Nitaifananisha na mfereji wa kumwagilia mpunga. Maji yanatiririka taratibu, na kipimo chake hakibadiliki. Sasa chukua ubao, uuingize mferejini kutoka upande mmoja, ufike robo ya upana. Maji hayana budi kuuzunguka. Upande wa juu wa ubao yatapanda kidogo, upande wa chini yatabaki chini. Sukuma ubao ufike nusu: tofauti ya kimo yaongezeka. Sukuma ufike robo tatu: maji ya juu yapanda sana. Mtu asiyeuona ubao kabisa, akipewa ile tofauti ya kimo tu, aweza kukuambia ubao umeingia kiasi gani.

Mfereji ni pande la chuma. Maji ni mkondo wa umeme, ambao twaupima kwa ampea. Ubao ni ufa, kwa sababu umeme hauruki ufa, bali hupita kwenye chuma kilichobaki kizima. Na ile tofauti ya kimo ndiyo volti. Mwenye kuuelewa mfereji huu amekwisha kulielewa somo zima. Yaliyobaki ni habari za watu walivyoutumia.

Hatua ya kwanza ilikuwa nyepesi. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipitisha umeme mdogo katika pau za reli ili kuongoza taa na ishara. Treni ikiingia, magurudumu yake huunganisha pau mbili, na ishara hubadilika. Pau ikikatika kabisa, umeme pia hukatika, na ishara huonyesha hatari. Ni akili nzuri, ila haitoi onyo mpaka reli iwe imekwisha kukatika.

Hatua ya pili ni ya Elmer Sperry, Mmarekani aliyejulikana kwa vyombo vya kuongozea meli. Mwaka 1928 gari lake la kupimia lilianza kazi njiani. Lilipeleka mkondo mkubwa wa umeme katika reli. Umeme ukipita hufanya sumaku kuuzunguka. Mahali penye ufa mkondo hupinda, na sumaku yake hupinda pia. Gari lilivuta juu ya reli koili ya waya, bila kugusa chuma, na koili hiyo ilipohisi sumaku imebadilika, kalamu iliruka juu ya karatasi na rangi ikatemwa kwenye reli penyewe, ili mafundi wapaone. Kwa mara ya kwanza ufa wa ndani ulitiwa alama mchana kweupe.

Hapo tuwasifu pia wafua chuma. Katika miaka ya 1930 ilifahamika kwamba nyufa za namna ile zilianzia kwenye gesi ya hidrojeni iliyonaswa ndani ya chuma cha pua kilipokuwa cha moto. Viwanda vikajifunza kuzipoza reli polepole, gesi ipate kutoka, na ugonjwa huo ukapungua sana.

Lakini sikilizeni tofauti hii. Kugundua ufa si kupima ufa. Gari la Sperry lilisema, "Hapa pana ufa." Halikusema, "Ufa huu leo una milimita 3, na baada ya treni elfu kumi utakuwa na milimita 5." Swali hili la pili ni gumu zaidi, nalo ndilo lililowafikia watu wa Afrika Mashariki kwa njia ya angani.

Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Kiingereza iitwayo Comet iliondoka London kwenda Johannesburg, safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti kuchukua abiria wa kulipa nauli. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, kisha Entebbe, halafu Livingstone. Ndege hiyohiyo iliyotua Entebbe ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Elba, Italia, tarehe 10 Januari 1954, na watu 35 wakafa. Comet nyingine, iliyokuwa katika safari ya kuja Cairo na kuendelea Johannesburg, ikaanguka karibu na Naples tarehe 8 Aprili mwaka huohuo. Wakafa 21. Zote mbili zilikuwa ndege mpya.

Wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, walichukua Comet nyingine nzima na kuizamisha katika tangi la maji. Wakaijaza maji kwa nguvu na kuyapunguza tena, mara nyingi, kuigiza hewa inavyosukuma mwili wa ndege kila ipandapo na kushuka. Ndege hiyo ilikuwa imekwisha kuruka safari 1,221. Ndani ya tangi iliigizwa safari 1,836 nyingine, ndipo ubavu wake ukapasuka. Jumlisheni: mwapata 3,057. Ufa ulikuwa umeanza penye kona ya uwazi katika bati la mwili, hapo nguvu hujikusanya kama watu mlangoni.

Tangu hapo kila mtengeneza ndege alitaka kujua ufa hukua kwa mwendo gani. Paul Paris, kijana wa Marekani, alitoa hesabu ya kuonyesha kwamba kila mzigo unaporudi ufa husonga kwa kipimo kinachotegemea nguvu iliyopo kwenye ncha yake. Majarida makubwa yaliikataa makala yake. Ikatoka mwaka 1961 katika jarida dogo la chuo kikuu, na sasa hakuna chuo cha uinjinia kisichoifundisha. Lakini hesabu ya namna hii yataka vipimo: urefu wa ufa saa moja, saa mbili, saa tatu, usiku na mchana. Nani atakaa na darubini mbele ya mashine siku kumi bila kulala? Na ufa ukiwa ndani, darubini itafaa nini?

Ndipo mfereji wetu ukaingia maabara. Fundi hukata pande la chuma, mathalani upana milimita 50 na unene milimita 10, akalitia mtai mdogo ubavuni ili ufa uanzie hapo. Hupitisha mkondo usiobadilika, tuseme ampea 10. Huunga nyaya mbili nyembamba, moja huku ya ufa na moja kule, umbali wa milimita 20, kusoma volti. Kisha mashine huvuta na kulegeza, kuvuta na kulegeza. Ufa ukisogea, volti hupanda. Mwaka 1965 mtaalamu Johnson alitangaza kanuni ya kugeuza kipimo cha volti kuwa urefu wa ufa, na kanuni hiyo yatumika hadi leo.

Sasa muone ugumu wake. Betri ya tochi ina volti 1 na nusu. Katika pande hilo la chuma cha pua, kabla ufa haujakua, volti kati ya zile nyaya mbili huwa kama 80, lakini si volti 80! Ni sehemu 80 za volti moja iliyogawanywa mara milioni. Kwa kipimo kidogo namna hiyo kila kitu chaweza kumdanganya fundi. Chumba kikipata joto, chuma huzidi kuuzuia umeme, na volti hupanda kana kwamba ufa umekua. Kwa hiyo fundi huunga jozi nyingine ya nyaya mahali pasipo na ufa, akagawanya kipimo cha kwanza kwa cha pili; joto likipandisha vyote viwili, mgawanyo haubadiliki. Tena, metali mbili mbalimbali zikigusana penye joto huzaa umeme wao wenyewe, jambo aliloliona Mjerumani Seebeck mwaka 1821. Dawa yake ni kugeuza mkondo, mara uende kulia, mara uende kushoto. Umeme wa joto haugeuki pamoja nao, hivyo hutambulikana na kutolewa.

Kazi hii ya kuondoa uongo mmoja baada ya mwingine ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Wanaosifiwa ni wenye kubuni kanuni, lakini kanuni haina faida mpaka apatikane mtu wa kuuliza, "Je, si joto tu?"

Ziko njia nyingine za jamii hiyohiyo. Umeme wa kwenda na kurudi kwa kasi hupenda kupita kwenye ngozi ya chuma, basi hufaa kwa nyufa zianziazo juu. Wengine hugundisha juu ya chuma karatasi yenye nyuzi nyembamba za metali zilizopangwa kama nyuzi za zeze. Ufa ukitambaa hukata uzi mmoja, kisha wa pili, na kila uzi ukikatika kipimo huruka. Hii hata mtoto aweza kuifahamu.

Faida yake ni tarehe. Ukijua ufa mdogo kuliko wote ambao chombo chako chaweza kuuona, na ukijua mwendo wake, waweza kupanga siku ya ukaguzi kabla haujafika hatua ya kuua. Reli, ekseli, bawa la ndege, bomba la mvuke, vyote hupangiwa siku kwa hesabu ya namna hii. Tangu mwaka 2024 treni za umeme za reli mpya hupita Kilosa katika mahandaki ya milimani, zikiendeshwa kwa umeme wa volti 25,000, na mwendo wake wafika kilomita 160 kwa saa. Kadiri mwendo uzidivyo, ndivyo nafasi ya kukosea ipunguavyo.

Na kipimo pekee hakimwokoi mtu. Tarehe 17 Oktoba 2000, huko Hatfield, Uingereza, reli yenye nyufa nyingi ndogo ilivunjika vipande zaidi ya 300 chini ya treni, wakafa watu 4. Nyufa zile zilikuwa zimekwisha kujulikana, na reli mpya za kubadilisha zilikuwa zimepatikana. Hazikuwa zimefungwa.

Sasa kalamu mikononi. Hesabu hii ni ya mazoezi, si ya maabara yoyote. Fundi aliandika kipimo 80 alipoanza. Baada ya mizigo 10,000 aliandika 84. Baada ya mizigo 20,000 aliandika 90. Baada ya mizigo 30,000 aliandika 99. Toeni kila kipimo kutoka kwa kile kinachokifuata, mwandike majibu matatu. Je, majibu yanalingana? Kama hayalingani, kipimo cha mizigo 40,000 mwakikisia kuwa ngapi? Zungumzeni pia: kama chuma hicho kingekuwa ekseli ya treni ipitayo Kilosa, mngeamuru itolewe baada ya kipimo kipi? Mwalimu awaache wanafunzi wabishane kabla ya kusema neno.